Kijana Asiyevuka Oraba

Mwezi uliopita, siku ya arobaini ya Haboba, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwetu Koboko wakichambua mchele, nami nilikuwa nikipita na ndoo mbili za maji, nikijifanya nina kazi nyingi kuliko nilizokuwa nazo. Haboba alikuwa bibi yangu. Ndivyo tunavyowaita mabibi katika nyumba zetu za Waislamu wa mjini. Mwanamke mmoja mnene, aliyefika asubuhi ile kutoka Kaya, ng'ambo ya mpaka, aliinua macho kutoka kwenye ungo akanitazama kuanzia ndoo mpaka usoni. Kisha akamuuliza jirani yake, bila kupunguza sauti, "Huyu ndiyo ile kijana hapana vuka?" Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoijua hadithi tayari. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ng'ambo, kwa watu ambao sijawaona tangu utotoni, nina jina, na jina lenyewe ndilo hilo. Mwanamke yule ni Mama Keji, binti wa mdogo wake Haboba. Alikuwa amekuja na sinia yenye kawa juu yake, kawa la zamani lililosukwa kwa rangi nyekundu na zambarau, nami nililitambua kabla ya kumtambua yeye. Mara ya mwisho nililiona kawa lile likiwa juu ya kichwa cha Haboba, likienda bila mimi.

Nimejaribu kuuandika mwaka ule mara kadhaa na kila mara nimeanza na Ulaya, kwa sababu nilidhani ndiyo iliyokuwa hadithi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya kumaliza chuo. Nilipata kazi Arua, katika chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tulikuwa sita, wote wahitimu, wote tumevaa mashati ya usaili ambayo hakuna aliyeyaona isipokuwa sisi wenyewe. Kazi yetu ilikuwa kujibu maswali ya vijana wa Ulaya waliotaka kusafiri kwa bei nafuu. Waliandika kwenye simu zao, maswali yakatokea kwenye kompyuta zetu, nasi tulikuwa na dakika nne za kujibu kabla ya alama ya kijani pembeni kugeuka nyekundu. Kila mmoja wetu alipewa jina la huko. Mimi nilikuwa Lukas. Adiru, msichana wa Logiri aliyekaa mezani mkabala nami, alikuwa Emma. Haikuruhusiwa kusema tuko wapi. Mteja akilalamikia mvua, tulifungua kwanza ukurasa wa hali ya hewa wa mji wake, kisha tukamjibu kwamba na sisi tumelowa. Nje ya dirisha jua la Arua lilikuwa likikausha tope barabarani mpaka likapasuka, na mimi nilikuwa nikimpa pole msichana wa Vienna kwa sababu ya manyunyu.

Walituandikia kama mtu anayemuuliza ndugu yake aliyeko jikoni kama chai ipo. Nimeamka sina la kufanya, nataka bahari, niko peke yangu, nina mkoba mmoja na hela kidogo, niende wapi leo? Nami nikawa nayajua yote. Nilijua basi la kutoka Prague linaloondoka saa tano na robo, ambalo nauli yake haizidi bei ya sahani ya wali na nyama. Nilijua ndege zinazokuruhusu kubeba kile tu kinachoingia chini ya kiti, na nyumba za wageni zenye vitanda vinane chumba kimoja, na stesheni ambayo ukishuka mlango wa nyuma unaokoa dakika kumi. Nilijua kwamba mtu anaweza kunywa chai katika nchi moja, kula mchana katika ya pili, na kulala katika ya tatu, bila kumwambia mtu yeyote duniani. Walipouliza kama wanahitaji karatasi yoyote mpakani, tulikuwa na jibu lililoandikwa tayari, la kubonyeza tu: Huhitaji kitu. Panda tu. Nadhani nililibonyeza jibu lile mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu mwaka ule. Kulikuwa na msichana mmoja aliyepita nchi nne kwa siku tisa, akiniandikia kila alipokwama. Katika mji fulani basi lilimwacha. Nikaanza haraka kumtafutia njia, moyo ukinidunda kana kwamba mimi ndiye niliyeachwa, na kabla sijamaliza akaandika kwamba amekwisha kupanda basi jingine, la kuelekea upande usio wake kabisa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na joto. Sentensi ile ilinikera wiki nzima. Mimi ni mtu ambaye kabla ya kununua viatu huviona kwanza vikichanika, mara tatu, mahali patatu tofauti.

Mchana tulishuka ngazi kula kwa mama mmoja aliyepika chini ya turubai nyuma ya duka. Siku nyingi ilikuwa enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, pamoja na angara, samaki wadogo wakavu waliopikwa na odi, lile rojo zito la karanga. Mafundi wa pikipiki walikula pale pale, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, wakatusikiliza tukibishana kama ni bora kuingia Budapest kwa treni au kwa basi. Mmoja wao aliuliza siku moja kama sisi ni madereva. Adiru hakuwahi kunipa nafasi ya kupumua. "Lukas," alikuwa akisema, "mbona unakula kwa mikono? Kwenu hakuna uma?" Nikimjibu kwamba Emma naye ana odi kidevuni, alikuwa akijifuta taratibu kwa mgongo wa kiganja na kusema kwamba kwao Ulaya hiyo ni sosi. Tulicheka sana chini ya turubai lile. Lakini nakumbuka pia jinsi kicheko kilivyokuwa kikikatika tukianza kupanda ngazi, na jinsi chumba kilivyokuwa na dirisha moja tu lenye nondo, na jinsi mtu aliyekaa kiti cha mwisho alivyolazimika kuwasimamisha wote watano ili atoke kwenda chooni. Niliwaza jambo lile kila siku: ili mtu mmoja atoke, watano sharti wasimame.

Ijumaa nilirudi Koboko. Chumba cha Haboba kilikuwa na kitanda cha chuma, sanduku la bati, harufu ya ubani, na makawa aliyosuka mwenyewe yakiwa yametundikwa ukutani kama miezi ya rangi. Alinipa chai ya maziwa na gurusa, vile vimkate vyembamba vya kumimina kwenye kikaango, akakaa kwenye mkeka na kuniuliza habari za kazi. Aliuliza swali lile lile kila wiki, si kwa kusahau, bali kwa sababu jibu langu halikuwa limemridhisha. Nikamwambia nasaidia watu kusafiri. Akauliza kama ni wagonjwa. Nikasema hapana, ni wazima, ni vijana. "Wazima," akasema, "na njia nakuwa mbele yao. Sasa wewe nasaidia nini?" Nikamweleza kuhusu basi na treni na bei. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai nyingine, akasema yeye anakwenda Kaya tangu akiwa na meno yote na hakuna mtu aliyemwandikia barua kumwonyesha barabara.

Ni kweli. Haboba alikuwa akiamka asubuhi, anatazama mawingu upande wa Midia, na kama rohoni mwake kuna neno, anachukua sinia, anaweka ndani simsim iliyotwangwa na sukari au bamia kavu au chochote kilichokuwapo, anafunika kawa, anamwambia jirani mmoja, na anaondoka. Kwa pikipiki mpaka Oraba, pale mpakani, kisha kwa miguu kupita kizuizi, katikati ya malori yanayongoja na mawakala wa forodha wenye mafaili makwapani na wanaume wanaobadilisha fedha wakiwa na mabunda mkononi. Wale waliolinda kizuizi walibadilishwa mara kwa mara, lakini kila kundi jipya lilijifunza kumwita Haboba na kumuuliza amewaletea nini. Alikuwa akikaa kwa mdogo wake siku moja au siku nne, hakuna aliyejua, na yeye pia hakujua. Sinia ilirudi na kitu kingine ndani yake. Hiyo ilikuwa sheria ya wale dada wawili: chombo hakivuki kitupu, na kikiwa kwako ni zamu yako. Mimi mwenyewe nilivuka mgongoni kwake, na baadaye nikishika kitenge chake. Nakumbuka uani kwa mdogo wake kulikuwa na mbuzi mweupe aliyekula sabuni yangu.

Katikati ya mwaka, mkubwa wetu, ambaye kwetu alikuwa uso tu kwenye skrini, alitangaza kwamba mfanyakazi mwenye majibu bora ataitwa makao makuu ya kampuni, huko Ulaya, kwa wiki mbili za mafunzo. Aliyeongoza nilikuwa mimi. Sikushangaa sana. Watu wengine waliangalia ratiba mara moja. Mimi niliangalia mara tatu, kisha nikaangalia kama kuna mgomo, kisha kama kuna theluji. Woga wangu ulikuwa umepata kazi yenye mshahara. Katikati ya wiki zile mbili kulikuwa na Jumamosi moja ya mapumziko, nami kabla hata sijamaliza kupongezwa nilikuwa nimekwisha kuipanga. Niliandika kwenye karatasi: treni ya asubuhi, mji mdogo kando ya ziwa, saa sita za kutembea bila kuongozwa na mtu, treni ya kurudi. Adiru aliisoma karatasi ile akasema ni mimi pekee ninayeweza kupanga safari ya ghafla miezi minne kabla.

Kilichobaki kilikuwa pasipoti, na kwa pasipoti nilitaka barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Duku, fundi cherehani, aliyetunza mhuri wa kijiji katika kopo la biskuti pamoja na vifungo. Alinipenda. Aliacha suruali ya mtu nusu, akavaa miwani, akaandika kwa mkono wake ukurasa mzima, akagonga mhuri mara mbili ili iwe na nguvu. Alinisomea kwa sauti, huku wateja wakitikisa vichwa kukubali. Aliandika kwamba mimi ni mtoto wa nyumba ya zamani na yenye heshima, nyumba yenye ndugu Koboko, na Kaya, na Yei, na Aba upande wa Kongo, na kwamba pande zote tatu watu wananifahamu na watanipokea. Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Nilimshukuru na kuondoka nikiwa na furaha. Nilikuwa nimefika Arua ndipo nilipoisoma kwa macho ya karani wa pasipoti.

Mama mmoja wa ofisi ya pasipoti aliisoma barua ile taratibu, mara mbili. Hakuwa mkali, nataka hilo lifahamike. Alisema tu kwamba ndugu zangu wengi wako ng'ambo. Nikasema ni ndugu wa mbali. Akauliza babu yangu alizaliwa upande gani. Nikasema upande huu, na sauti yangu ikapanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza. Kisha akaniuliza, kalamu ikiwa mkononi, "Umewahi kuvuka kwenda Kaya?" Katika muda wa kumeza mate niliwaza haya yote: nikisema ndiyo ataniuliza kwa karatasi gani, nitasema bila karatasi, ataandika kwamba navuka bila karatasi, atauliza mara ngapi, nitasema sijui, mtu asiyejua amevuka mpaka mara ngapi ni raia wa wapi? Nikasema, "Sijawahi." Akaandika. Akanipa nitie saini chini yake. Akaniambia nilete wazee wawili waliomfahamu babu, waape, na kwamba jambo litachukua muda kidogo.

Nilipomweleza Mzee Duku kwamba barua yake imeleta maswali, hakukasirika kwa kelele. Alisimamisha cherehani, akashika gurudumu lake kwa kiganja. "Mimi niliandika wewe iko na watu," akasema. "Mutu bila watu, nani nafungulia yeye mlango?" Aliniapia yeye mwenyewe kama mzee wa kwanza, akanitafutia wa pili, na hakunitoza hata chai. Lakini kitu ambacho sikumwambia, wala sikumwambia mtu mwingine, ni lile neno langu moja lililotiwa saini. Niliona kwamba nimesema uongo mbele ya serikali, na kwa akili yangu namna pekee ya kuurekebisha ilikuwa kuufanya uwe kweli kuanzia siku ile. Sijawahi kuvuka, basi sitavuka. Nilianza kuamini kwamba Oraba kuna mtu mwenye daftari, au wakala mwenye simu ya picha, au jirani mwenye kinyongo, na kwamba siku nitakapoweka mguu ng'ambo jina langu litafika kwenye meza ya yule mama kabla mimi sijarudi nyumbani. Adiru, siku nilipomdokezea nusu yake, aliniambia hakuna mtu duniani mwenye muda wa kunifuatilia hivyo. Lilikuwa neno la kunifariji, lakini mimi nililala nalo kama tusi.

Haboba alikuwa ameanza kuchoka magoti. Kila Ijumaa aliniambia kesho yake twende wote Kaya, nimshikie mkono, mdogo wake ananiuliza. Nikasema wiki ijayo. Nikasema nina kazi, nina mafua, barabara ina vumbi. Jumatatu nilirudi kwenye kiti changu chenye watu watano mbele yake na kumwandikia kijana wa Lisbon kwamba Porto ni mwendo wa saa tatu tu, hahitaji kitu, apande tu. Nilikuwa naandika maneno yale na kusikia sauti ya Haboba ndani yake. Yeye naye alisema hivyo hivyo, akifunga kitenge kiunoni: "Twende tu."

Habari ya msiba ilifika Jumamosi wakati wa chai ya asubuhi. Mdogo wake Haboba, kule Kaya, alikuwa ameamka, ameswali, amekaa, amekufa. Wangemzika adhuhuri. Haboba hakulia, alisimama akaanza kufunga vitu. Kwetu nyumba inapokwenda kwenye msiba wa damu yake, mzigo unabebwa na damu ya nyumba hiyo. Unga wa msiba haubebwi na mtu wa kukodi, kwa sababu waliokaa mkekani hawatazami unga, wanatazama nani ameubeba. Mimi ndiye niliyekuwapo. Nilipakia gunia la unga kwenye pikipiki, yeye akapanda nyingine na sinia yake mapajani, tukafika Oraba jua likiwa kali. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba nitaamua nikifika.

Kutoka mahali pikipiki zilipotuacha mpaka kizuizi ni hatua mia moja na kitu, nilizihesabu. Watu wa msiba walikuwa wakipita kwa vikundi, wanawake wakiwa na vifurushi kichwani, na yule kijana wa kizuizi alikuwa akiwapungia mkono bila kusimama kutoka kwenye kiti chake. Aliinama kidogo Haboba alipopita, akampa pole. Nilifika kwenye kizuizi, gunia begani, nikasimama. Nilitazama wale mawakala wenye mafaili nikaona wote wananitazama. Leo najua hakuna aliyenitazama. Haboba aligeuka akiwa amekwisha kupita, sinia kichwani, mkono mmoja umeishika.

"Rajabu. Twende tu."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia mambo ya pasipoti, kwa haraka, kwa sauti ya chini, kwamba iliandikwa sijawahi kuvuka nami nikatia saini, kwamba wakiniona nitapoteza kila kitu, kwamba ni wiki chache tu zimebaki kabla ya safari. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyosikiliza habari za mabasi. Malori yalikuwa yakinguruma. Kisha akasema jambo moja, na hakulisema kwa hasira: "Mimi nilibeba wewe hapa mgongoni. Hiyo pia iliandikwa hapana?"

Alimwita mtu wa toroli. Nikalishusha gunia langu ndani ya toroli lake, kwa mikono yangu mwenyewe, nikaliweka vizuri ili lisianguke. Mtu yule aliuliza ni mzigo wa nani, Haboba akamwambia ni wa msiba, na mtu yule akanitazama, mara moja tu, kisha akaanza kusukuma. Nikabaki pale na vumbi la unga begani. Niliona kawa jekundu na zambarau likipanda kile kilima kidogo cha ng'ambo katikati ya vichwa vya watu, likaenda mpaka likawa dogo, na toroli likifuata nyuma yake. Nilikaa kwenye kivuli cha lori mpaka alasiri nikimngoja arudi. Hakurudi siku ile. Alikaa siku saba, na aliporudi alirudi bila sinia. Alisema imebaki kule. Nami, ambaye huuliza kila kitu mara tatu, sikuuliza.

Pasipoti haikutoka kwa wakati. Akaenda Adiru, aliyekuwa wa pili. Nilimpa karatasi yangu ya Jumamosi kwa sababu niliona aibu kuichana mbele yake. Aliporudi tulikaa chini ya turubai, enyasa ikipoa, na wenzetu walipomaliza kumuuliza habari za baridi na chakula wakapanda juu, akaniambia. Alikuwa amekwenda. Aliamka, akafika stesheni, akapanda treni ile ile ya asubuhi, peke yake, na hakuna mtu aliyemuuliza neno. Alitembea kando ya ziwa. Alikula mkate kwenye benchi. Aliona basi limesimama, akalipanda bila kujua linakwenda wapi, likampeleka kijiji kingine, akarudi kwa treni ya jioni. Nilingoja aseme kwamba kulikuwa na hila mahali fulani, kwamba mtu alimtazama vibaya, kwamba haikuwa kama tulivyokuwa tukiandika. Nilitaka sana aseme hivyo. "Ilikuwa kweli, Rajabu," akasema, na hakuniita Lukas. "Yote tuliyokuwa tunawaandikia. Ni rahisi kweli." Machozi yalikuwa yakimtoka, naye aliendelea kumega enyasa.

Wiki tatu baadaye pasipoti ilitoka. Yule mama alinikabidhi kwa tabasamu, akanitakia safari njema. Nilimuuliza, kwa sababu nisingeweza kuondoka bila kuuliza, kama lile jibu langu la Kaya lilikuwa limechunguzwa. Hakukumbuka ni jibu gani. Alisema watu wote wa Koboko huvuka, hilo kila mtu analijua. Walichongoja ni viapo vya wazee. Nilishuka ngazi za ofisi ile nikizihesabu moja moja. Kabla ya mwaka kwisha kile chumba cha juu ya duka la vipuri kilifungwa, kompyuta zikabebwa, kila mtu akaenda njia yake. Nilifundisha kidogo, nikafanya sensa ya mifugo kidogo, nikarudi Koboko. Haboba hakuniomba tena nimpeleke ng'ambo. Magoti yalimzuia, na miaka minne alikaa upande huu akitazama mawingu ya Midia kila asubuhi bila kuondoka. Nilikuwa na pasipoti, na kurasa zake zote zilikuwa nyeupe. Wakati mwingine niliifungua mbele yake, akauliza ni kitabu gani hicho kisicho na maneno.

Basi siku ya arobaini, baada ya watu kula na dua kusomwa, Mama Keji alinifuata nilipokuwa naosha masufuria. Akaiweka ile sinia juu ya pipa mbele yangu. Ilikuwa imekuja na tende na asali ndani yake, navyo vilikuwa vimekwisha kuliwa. Kawa lilikuwa limeoshwa. Alisema mama yake na Haboba wote wamekwenda, na sinia iko Koboko, kwa hiyo ni zamu ya Koboko. Nilisema nitamtafuta mtu wa kuipeleka. Akakunja mdomo. "Mutu wa toroli?" akauliza. Kisha akaenda zake kutafuta viatu vyake.

Nilikaa na sinia ile siku tisa. Niliipanga safari, siwezi kusema sikuipanga. Niliandika orodha ya vitu vya kuweka ndani yake, nikaifuta, nikaandika nyingine. Nilifikiria kipindi cha mvua, na habari za redio, na kama pasipoti itagongwa mhuri na mhuri huo utasomwaje na mtu wa kesho. Siku ya kumi niliamka, na mkono wangu ukaenda kwenye simsim kabla ya kichwa changu kuamka vizuri. Niliitwanga na sukari, vibaya, nikaifunika kawa, nikamwambia jirani mmoja. Oraba kulikuwa na malori yale yale. Kijana wa kizuizi alikuwa mwingine. Aliinua kawa, akachukua donge moja la simsim, akalitia mdomoni na kunipungia mkono nipite. Pasipoti ilikuwa mfukoni, imelowa jasho. Hakuna aliyeitaka. Ilikuwa hatua mia moja na kumi na nne, kisha sikuhesabu tena, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwa upande ule na ardhi yake ilikuwa ya rangi ile ile.

Mama Keji alikuwa uani akianika muhogo. Hakusimama. Alinionyesha kwa kidevu kaburi la mama yake, nyuma ya uzio, na kando yake jiwe bapa. Alisema hapo ndipo Haboba alipokaa siku zote saba, uso umeelekea barabarani. Nikasimama mbele ya jiwe lile nikiwa bado nimeishika sinia kwa mikono miwili. Kutoka pale barabara inaonekana yote, mpaka kizuizi, mpaka kwenye kivuli ambapo malori husimama.

Niliporudi alikuwa ameweka mkeka na vikombe. Alipokea sinia, akafunua, akaonja, akasema simsim haikutwangwa ikalainika. Kisha akagusa birika kwa kiganja. "Umechelewa," akasema. "Chai napoa."